Jiwe la Chini ya Mkuyu

Mwanamke mmoja alikuwa na ukuta mrefu uliotazama mto, pale mto unapokatiza mjini. Aliitwa Bi Mwanahawa. Jirani yake alikuwa Bi Tabu, na wawili hao walikuwa chanda na pete tangu utotoni.

Watu wa mtaa wakakubaliana kuchora habari za mto wao kwenye ukuta ule, maana watoto walishaanza kuuita mto huo mtaro. Kila nyumba ikaleta kumbukumbu yake. Aliyekumbuka kambare akachorewa kambare, aliyekumbuka kuogelea akachorewa akiogelea, na kitambi chake hakikusahauliwa. Fundi Chande, mchora mabango, alichora huku watu wakimcheka na kumletea chai.

Ikafika zamu ya mawe ya kufulia. Zamani kila mama alikuwa na jiwe lake mtoni, na lenye heshima lilikuwa lile la juu kabisa, chini ya mkuyu, kwani lilipata maji kabla ya povu la wengine. Bi Mwanahawa akasema jiwe hilo lilikuwa la mama yake. Bi Tabu akasema thubutu, lilikuwa la mama yake yeye. Wanadamu sisi! Wenye jiwe wamelala makaburini kwa amani, binti zao wamenuniana. Hata salamu zikakatika. Bi Mwanahawa akaapa kuupaka ukuta wote chokaa, na waliomjua walijua hatanii.

Fundi Chande akaweka brashi chini. "Mama zangu, mie siwezi kuchora ubishi. Twendeni mkanionyeshe hilo jiwe."

Wakashuka, na mtaa mzima nyuma yao, maana nani akose ugomvi usio na kiingilio? Mkuyu waliukuta. Jiwe hawakuliona. Juu yake palikuwa na kichuguu cha taka, na taka hizo, ndugu zangu, hazikutoka mbali: walizitupa wao wenyewe, miaka nenda rudi. Basi yakaletwa majembe na matoroli. Bi Mwanahawa akachimba upande huu, Bi Tabu upande ule, kila mmoja akitaka kumwaibisha mwenzake. Waliokuja kutazama wakaona aibu kusimama, nao wakashika majembe. Kufikia alasiri maji yalikuwa yamepata njia.

Jiwe likatokea. Lilikuwa moja tu, pana kama kitanda, nalo limelika pande mbili, huku na huku, kama linavyolika jiwe walilofulia watu wawili wanaotazamana. Bi Tabu akaweka kiganja upande mmoja. Bi Mwanahawa akaweka chake upande wa pili. Wakatazamana, kisha wakacheka mpaka wakakaa majini na khanga zao.

Fundi Chande akachora, na picha ile ipo ukutani hadi leo: wanawake wawili, jiwe moja.

Na wewe uliyekuja hapa huku umemnunia jirani yako, jiwe lenu mmelifukia kwa taka gani?