Muhanga na Kuta za Rangi ya Chai ya Maziwa

Nyinyi mliokaa kitako, wadogo kwa wakubwa, mmewahi kumwona fundi wa kuta asiye na ukuta? Hamjamwona? Basi nikisema paukwa, niitikieni kwa nguvu, maana anayetajwa hapa hajawahi kuitikiwa popote. Paukwa!

Pakawa!

Zamani hizo, wanyama walipokuwa na maofisi, alikuwako Muhanga, mla mchwa. Pua ndefu, kucha ndefu, cheti kirefu. Misimu minne alisomea kuta kwa mchwa, na hakumla hata mwalimu mmoja. Akarudi na digrii. Akaomba kazi. Akaomba. Akaomba tena. Patupu.

Mama yake aliishi shimoni, ukuta umepasuka, na mvua iko karibu.

"Mwanangu, huo ukuta utaniangukia."

"Nimeshachimba udongo, mama. Nitakupakia rangi ya chai ya maziwa. Si nyeupe ya kuumiza macho, si nyeusi ya kukutia huzuni. Ya katikati, yenye joto. Kwa kimombo wanaita niutro."

"Ziba ufa kwanza. Hicho kimombo kitasubiri."

Udongo wa kichuguu haupakwi mbichi. Huchanganywa na majivu na samadi ya nyati, hukanyagwa, hulala siku saba. Chwa, chwa, chwa, Muhanga akaukanyaga, akaungoja siku saba.

Siku ya saba mbiu ikalia, puu! Baraza linataka fundi mmoja wa kupaka nyumba arobaini za wakubwa. Intavyuu ni kwa vitendo: kila mwombaji aje na udongo wake, apake nyumba moja.

"Nikipata kazi hii, mama, nitakupakia shimo zima."

"Na mvua je?"

"Haitanyesha leo."

Akabeba udongo wote.

Waombaji walikuwa arobaini. Nungunungu na diploma yake, Nguchiro na vyeti vitatu, na wengine. Chwapu, chwapu, wakapaka. Muhanga alipewa nyumba ya Kiboko, mwenyekiti. Akapaka, akalainisha kwa mkia. Jua likaingia dirishani, chumba kikawa kama ndani ya mkate ulioiva.

Kiboko akaegemea ukuta. "Safi, kijana. Una uzoefu wa miaka mingapi?"

"Nimetoka masomoni juzi, mheshimiwa. Uzoefu wangu ndio huo uliouegemea."

Kiboko akatazama nyumba moja, akatazama ya pili, akazitazama zote arobaini. Zimepakwa.

"Sasa kazi iko wapi?" akauliza. "Nyumba zimekwisha. Tutawasiliana."

Waombaji wakatazamana.

"Bro," Nungunungu akamwambia Muhanga, "tumefanya intavyuu mpaka tumeimaliza kazi yenyewe."



Kesho yake mvua. Shaa, shaa, shaa. Muhanga akachimba udongo mpya, akaziba ufa. Haukushika. Akaziba tena. Ukamwagika. Siku ya tatu ukuta ukaanguka, ngu! Akafukua mpaka kucha zikatoka damu. Alipomfikia mama yake, mwili wa mama umeshapoa.

Huko juu Kiboko alikuwa na wageni. "Rangi hii ina joto," akawaambia. "Mnaliona?"

Hadithi yangu imekomea hapo, mwisho mwingine sina. Funzo lake ni hili: kazi ya majaribio ni kazi, na anayeifaidi bila kumwajiri aliyeifanya ni mwizi. Nyinyi wenye viti, msiniambie mtawasiliana. Waajirini wote arobaini, au tokeni ndani ya kuta zao leo.