Neva ya Hatua Mbili

Kabla hujamtumia mwenzako hadithi hii, isome mwenyewe kwanza.

Katika chuo kimoja cha uuguzi alikuwepo binti aitwaye Atupele. Somo la mwili wa binadamu lilikuwa limemshinda mara moja. Akifeli tena, anafunga begi na kurudi kwao Rungwe. Siku ya mtihani alikuwa roho juu.

Mwalimu Mbilinyi alitaka kila kundi liigize jinsi ubongo unavyotuliza moyo unaokwenda mbio. Zaituni, aliyefungwa kitambaa machoni, alikuwa moyo, akipiga ngoma kwa kasi. Gwakisa, mkimbiaji wa chuo, alikuwa neva ndefu. Alipaswa kutoka mbio ubongoni, mwisho wa ukumbi, na kikombe cha maji mkononi. Maji yale ndiyo kemikali ya ujumbe.

Karibu na moyo palichorwa mistari miwili ya chaki. Hapo ndipo penye fundo la neva, mahali neva moja inapoikabidhi nyingine ujumbe, na katikati ya mistari ni upenyo usiorukwa. Ng'ambo yake alisimama Atupele, neva fupi. Kazi yake ni kupokea kikombe, kupiga hatua mbili, na kumgusa Zaituni begani, ishara ya kupunguza kasi.

"Hatua mbili tu!" Gwakisa alikuwa amemtania asubuhi. "Hata ukisinzia, dada, tutafaulu."

Basi Gwakisa akaja kama mshale. Alipofika kwenye chaki akaona mikono ya Atupele inatetemeka. Moyoni akasema, huyu atatuangusha. Akaruka mistari yote miwili, akamfokea Zaituni sikioni: "Polepole!"

Maskini Zaituni alishtuka, akaipiga ngoma maradufu. Darasa zima likaangua kicheko.

"Mgonjwa wenu anakufa," alisema mwalimu, akishika kalamu.

"Ni Atupele, Mwalimu!" Gwakisa akajitetea. "Alikuwa anatetemeka."

Atupele alitamani ardhi immeze. Lakini ngoma ilikuwa bado inalia, na kumbe jibu alikuwa nalo.

"Mwalimu, hajafa bado," alisema. "Gwakisa, rudi nyuma ya mstari. Nipe kikombe."

"Maji yamemwagika, yamebaki kidogo."

"Yanatosha. Lete."

Gwakisa akarudi, akanyoosha mkono juu ya upenyo. Atupele akapokea, akapiga hatua zake mbili, akamgusa Zaituni begani taratibu.

Ngoma ikapungua. Ikapungua tena.

"Kwa nini hukumwacha aliyetoka ubongoni amalize?" aliuliza mwalimu.

"Kwa sababu moyo haumjui, Mwalimu. Unanijua mimi, jirani yake."

Mwalimu Mbilinyi akacheka kwa furaha. "Atupele, umefaulu. Jumatatu unaanza wodini. Kashone sare."

Binti akalia palepale mbele za watu, wala hakuona haya. Gwakisa akainamisha kichwa. "Nisamehe, dada. Nilikudharau."

Funzo: Usimruke mwenye hatua fupi kwa sababu wewe umetoka mbali. Mkabidhi kwa imani, hata kama mikono yake inatetemeka, maana huenda yeye peke yake ndiye anayefika moyoni.