Themostati Ndani ya Kopo la Vifungo

Mama zangu na wadogo zangu, mnaikumbuka barabara yetu ya mlimani kabla haijawekwa lami? Gari lilisikika tangu kona ya kwanza, na sisi watoto tulijua ni la nani kabla halijatokeza.

Basi siku zile palikuwa na baba mmoja mwenye pikapu kuukuu. Siku moja ikachemsha. Fundi akasafisha rejeta iliyojaa tope, kisha akatoa na themostati, kile kidude kinachofunga njia ya maji injini ikiwa baridi na kuifungua ikipata joto. Alisema kinazuia maji bure, na huku kwetu ni joto. Pikapu ikatulia. Yule baba akawa anajisifu kwamba tangu kizuizi kitoke, gari lina raha. Mkewe alikiokota, akakitia kwenye kopo lake la vifungo.

Mwaka mzima walikwenda sokoni, njia tambarare. Kisha ikafika siku ya kumpandisha binti yao kanisani, juu mlimani, akaolewe. Mchungaji alikuwa na ibada nyingine mbali. Saa sita angeondoka. Kona ya nne, mvuke ukatoka. Bibi harusi akashuka na shela lake, akakaa juu ya jiwe.

Fundi mzee wa pale konani akauliza themostati iko wapi.

"Tuliitoa. Ilikuwa mbovu," baba akajibu.

"Nani aliipima?"

Mama akafungua mkoba. Kopo alikuja nalo kwa ajili ya gauni, kifungo kikikatika.

"Hii hapa, mume wangu. Kizuizi chako."

Fundi akaazima sufuria nyumba ya jirani. Maji yalipokaribia kuchemka, wote wakainama, hata bibi harusi, wakaona kidude kinafunguka taratibu. Kilikuwa kizima siku zote. Mzee akawaeleza kwamba injini ile bila hicho, maji mengine huzunguka humo ndani tu, hayapiti kwenye rejeta kupoa. Akakifunga, kitundu chake kidogo kikiwa juu ili hewa itoke. Walimkuta mchungaji amekwisha kuvua joho. Akalivaa tena.

Tunamcheka yule baba? Na sisi je? Katika kila nyumba alikuwepo mtu wa kutuambia "bado". Kwetu alikuwa bibi. Ukitaka kujibu kwa hasira, bado. Ukitaka kuondoka kwa mumeo na mtoto mgongoni, bado, kunywa kwanza uji. Tukaona anatuzuia. Tukaacha kumwita kwenye vikao, tukampa chumba cha uani, na kwa kuwa njia ilikuwa tambarare tukasema tunaendelea vizuri. Leo nyumba zetu zinachemka, nasi tunaulaumu mlima. Nani kati yetu alimpima?

Aliye na mtu wake huyo bado hai, akitoka hapa apite kwake kwanza, kabla ya kufika nyumbani. Kopo langu mimi lina vifungo tu.