Telezi na Zamu ya Maji

"Nitoe, nisitoe?"

"Toa, tupokee!"

"Nikianguka njiani?"

"Tutakuinua!"

Basi hapo kale ukame uliingia milimani, ikabaki chemchemi moja tu. Kenge akaikalia. Akatoa sheria: wanyama waje ukoo kwa ukoo, wanywe, na kila ukoo umwachie mmoja wao awe kitoweo. Wa kuachwa atachaguliwa na Kenge mwenyewe.

Telezi alikuwa chura asiye na miguu, mrefu na laini kama mnyoo. Mama yake alikuwa vivyo hivyo, na alimlea kama ukoo wao unavyolea: alimlisha ngozi ya mgongo wake, mpaka mgongo ukapauka.

Zamu ya minyoo ilipofika, Telezi akajipenyeza katikati yao. Akanywa, gugu, gugu, gugu. Kenge akamchagua yeye, maana ndiye aliyenona.

"Mnyoo hana mfupa," Telezi akasema. "Nipapase."

Kenge akampapasa, akaukuta uti wa mgongo, akamfukuza kwa kuwa si wa ukoo ule. Kugeuka, minyoo wameshazama ardhini.

Zamu ya nyoka ikafika. Telezi akajipenyeza. Akanywa, gugu, gugu, gugu. Kenge akamchagua tena.

"Nyoka ana magamba. Nipapase."

Kenge akampapasa, mkono ukateleza, telee! Akamfukuza tena. Kugeuka, nyoka wameshapotelea majanini.

Zamu ya vyura ikafika, na tumbo la Kenge linanguruma. Mama akamwona mwanawe, akamwita asogee. Kenge akauliza kama huyu ni wake.

"Ni wangu," mama akasema.

Telezi akayaona meno ya Kenge. "Simjui mama huyu. Mimi nina miguu gani hata niwe chura?"

Mama akainamisha kichwa, na mgongo wake uliopauka ukaonekana wote. Kenge akasema basi, atamla mama.

Hapo aibu ikamwingia Telezi, ngozi yote ikamchoma. Ngozi ile alikuwa ameipata wapi?

"Mwache. Ni mama yangu, nami ni chura. Lakini Bwana Kenge, nyoka wamekunywa na hawakukuachia mtu. Wewe una magamba. Ulimi wako una panda. Wewe ni wa ukoo gani?"

Vyura wakaitikia kwamba sheria ni sheria: nyoka aliyebaki ndiye kitoweo. Kenge akautazama mkia wake. Ulikuwa mnono. Njaa ikamshauri. Ngwa! Akajiuma, akapiga yowe, akaporomoka biringi biringi mpaka bondeni, na haya zikamzuia kurudi.

Vyura wakanywa, wakacheka. Mama akamsogezea Telezi nafasi kando yake, kama mtu ambaye hakusikia lolote. Hilo likamshinda. Akachimba udongo, akaingia, na mpaka leo huko ndiko aliko. Hana uso wa kutokea.

Nimetoa, mmepokea, mikono yangu mitupu. Fundisho, watoto wangu: mtu akikuuliza mama yako ni yupi, kwanza mtazame meno.

Ila mkifika nyumbani, msimwambie mama kwamba ni mimi niliyewafundisha.