Kisu cha Babu yake Sultani

Palikuwa na Sultani aliyeitwa Shamte, aliyejaaliwa kila kitu isipokuwa haya. Alikuwa na ngome, alikuwa na wake wanne, na alikuwa na kasha la visu vya kukunja, arubaini na ushei, visivyoruhusiwa kukata hata kitunguu. Vilikuwa vya kutazamwa tu. Mgeni hajapewa kahawa, keshafunguliwa kasha na kusomewa nasaba ya kila kisu. Naye mgeni huitikia "ajabu, ajabu" huku asinzia, maana mwenye visu ndiye mwenye gereza.

Siku moja Sultani akautamani Mtaa wa Wanoaji, apate kulijengea kasha lake jumba. Hati hana. Akatangaza: "Ardhi ile ni ya babu yangu. Aliufyeka msitu wa pale akaweka mpaka kwa kisu cha kukunja, na kisu ninacho. Wanoaji wahame kabla ya Ijumaa."

Msitu mzima, jamani, kwa kisu cha kumenyea chungwa! Barazani wakasema, "Mashaallah, babu alikuwa na mkono."

Wanoaji wakaanza kufunga virago. Lakini palikuwa na mjane, Bi Mize, aliyerithi jiwe la kunolea kwa baba yake na ulimi kwa mama yake. "Nyumba ninayo moja na watoto watano. Nihamie wapi, mawinguni?" Akafunga ndimu kwenye upindo wa kanga, akaelekea ngomeni.

Sasa, Sultani alikuwa amemwagiza Waziri amchagulie kisu kikuukuu kashani. Waziri, ambaye kazi humchosha hata akiitazama, alitwaa kilichokuwa juu, akakipaka masizi na mafuta, akakileta. Ukale wa kisu ulipatikana asubuhi ile ile, kabla ya chai.

"Bwana Mkubwa, Mola akuweke," akasema Bi Mize. "Nimekuja kukiamkia kisu."

"Kiamkie, kisha ukafunge mizigo."

"Ndicho hiki alichokatia babu?"

"Ndicho."

"Labda babu alikuwa navyo viwili."

"Nimesema ndicho! Naapa mbele ya Kadhi, ni hiki na si kingine!"

Kadhi, aliyeketi kando na kalamu yake, akaandika.

"Basi nifundishe, bwana, sisi wengine tunanoa tu. Umri wa kisu hujulikanaje?"

Ah! Sultani hakuulizwa swali tamu kama hilo tangu azaliwe. Akasogea hadi ukingoni mwa kiti.

"Tazama chapa, pale bapa linapoingia mpinini. Visu vyangu vyote ni vya kiwanda kimoja. Aliyekianzisha alichapa mnazi mmoja. Mwanawe alipoingia kazini, ikawa miwili. Mjukuu kaingia mwaka juzi, ikawa mitatu."

"Lo, elimu ni bahari! Na chuma?"

"Chuma cha zamani ukikitia ndimu hugeuka cheusi. Hiki kipya cha mjukuu, hata ukikilaza kwenye achari mwezi mzima, hakibadiliki."

"Allah akuzidishie. Naomba nikipanguse cha babu, kina vumbi la heshima."

Waziri akaanza kukohoa. Sultani, bado amelewa elimu yake, akampa. Bi Mize akakamua ndimu, akasugua kwa pindo la kanga. Masizi yote yakahamia kwenye kanga. Wakangoja kahawa ikanyweka, na chuma hakikugeuka rangi hata chembe.

"Kadhi, nihesabie minazi."

Kadhi akahesabu. Akahesabu tena, akiomba Mungu mmoja upungue. "Mitatu," akasema kwa sauti ndogo.

Sultani akamtazama Waziri. Waziri akatazama dari, ghafla ikawa dari nzuri sana.

"Wewe mwanamke!" Sultani akafoka. "Waniita mwongo barazani kwangu? Kwa neno hilo watu hukatwa shingo!"

"Hasha, bwana! Nani kasema? Sultani hasemi uongo, na kiapo kimeandikwa. Kisu ni hiki, na aliyekata ni babu yako. Ila kwa elimu uliyonipa mwenyewe, kisu ni cha mwaka juzi. Basi babu kakata mwaka juzi."

"Babu yangu kafa miaka sitini sasa!"

"Hayo ya ukoo wenu, siyaingilii. Mimi nasema ya uani kwangu. Mwaka juzi pale hapakuwa na msitu, palikuwa na migomba yangu saba. Nikaamka asubuhi, yote iko chini. Miaka miwili namlaani jirani bure, masikini! Kadhi, andika: mkataji kapatikana. Bwana Mkubwa, utamwita wewe aje kujibu mashtaka, au nikampigie hodi mimi makaburini?"