Radhi za Baba na Pensheni ya Binti

Ndugu zangu, niwape kisa cha nyumba moja. Msiniulize ya nani. Mkitazamana humu ndani mtaijua.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyelazwa na kiharusi, hata ulimi ukamfunga. Akitaka kugeuzwa, hugonga kikombe cha bati ukingoni mwa kitanda. Watoto wake wakakaa kikao ukumbini, na macho yote yakamwendea binti wa mwisho, mfanyakazi wa kiwanda cha korosho. Si hana mume? Basi aache kazi, amuuguze baba.

Binti akasema. "Nitamuuguza, kaka zangu. Ila nikiacha kazi, mchango wangu wa pensheni unakatika. Nichangieni nyinyi muda wote nitakaokuwa na baba. Na mimi nitazeeka."

Kaka mkubwa akapandwa na hasira. "Alaa! Unamtoza baba yako? Radhi zake hazikutoshi?"

"Kama zinatosha, kaka, tubadilishane. Kaa wewe na baba, radhi zote chukua. Mimi nirudi kiwandani."

Kaka akakohoa. Mwingine akaanza kuikunja kofia yake. Mmeona? Radhi tunazowagawia wenzetu kwa ukarimu, tukipewa wenyewe tunaziona nzito.

Mara, ngo! ngo! ngo! Kikombe chumbani. Hakuna aliyeinuka. Binti akaung'ang'ania mkeka, maana alijua akiinuka kabla hawajakubali, yamekwisha. Kikagongwa tena, kwa unyonge sasa. Kaka zake wakainamisha vichwa, wakangoja. Walimjua dada yao.

Akainuka, akaenda kumgeuza baba. Aliporudi, kikao kimevunjika na viatu mlangoni havipo.

Wameshinda, sivyo? Kwa haki? Hapana, wallahi. Wameshinda kwa sababu yeye anampenda baba kuliko wao.

Na sisi je? Sisi ndio kaka wale. Dada zetu na wake zetu tunawasifu kuwa wana moyo, kisha moyo huohuo tunaufanya kamba ya kuwafungia. Anayeuguza nyumbani yuko kazini, jamani! Mchango wake wa uzeeni usikatike. Changeni leo, na nyinyi mnaokaa kwenye mabaraza ya kutunga sheria, mlisemee jambo hili. Si sadaka hiyo, ni haki yake.

Maana baba atarejea kwa Mola wake. Atabaki binti, mzee, hana mume wala pensheni, na kikombe kilekile mkononi. Atakapokigonga, nani atainuka?