Ghafla kwa Nani?

Bwana mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, alifiwa na mdogo wake. Alisafiri siku nzima kutoka mjini, akafika msibani akilia mpaka wanaume wenzake wakamshika mabega. Kwa kuwa ndiye msomi wa ukoo, akakabidhiwa kuandika wasifu wa marehemu. Aliandika vizuri: kuzaliwa, shule, ndoa, watoto. Mwisho akaandika, "Amefariki kifo cha ghafla, kilichotushtua sote." Si ndivyo tunavyoandika wote?

Kabla ya ibada akampelekea mjane karatasi aangalie kama tarehe ni sahihi. Mama wa watu alisoma polepole, kisha akaweka kidole pale chini.

"Shemeji, tarehe ziko sawa. Hii 'ghafla' ndiyo sijaielewa."

"Ni lugha ya msibani tu, shemeji. Tusivutane leo."

"Aliumwa miezi saba, na wewe nilikupigia. Alitaka kitanda kisogezwe mkabala na mlango, akuone ukiingia. Kila Jumamosi ananiuliza, 'Kaka hajafika tu?' Nami nakutetea, nasema kazi zimembana. Mimi nilijua anakwenda. Watoto walijua. Sasa niambie, imekuwa ghafla kwa nani?"

Bwana yule akaichukua karatasi yake. Akilifuta neno, umati wote chini ya turubai utajua kwamba aliarifiwa na hakuja. Akiliacha, anamzika mdogo wake kwa uongo. Jamani, wewe ungefanyaje?

Akasimama kusoma. Alipofika mstari ule, hakuusoma. Akaikunja karatasi.

"Mdogo wangu aliugua miezi saba. Alinisubiri, sikuja. Nilidhani muda upo."

Akageukia jeneza. "Nimefika, ndugu yangu."

Nani alimwitikia? Hakuna.

Wapendwa, sisi neno hili tunalipenda kwa sababu linatusafisha. Tunaambiwa fulani hali si nzuri, tunasema nitakwenda wiki ijayo. Akiondoka tunashika vichwa: "Ghafla hivi!" Mbele ya Mungu tutasimama na ghafla hiyo? Anajua simu ngapi tuliziacha ziite mpaka zikakatika.

Wewe uliyekaa hapo, jina la mtu limeshakujia. Usiniletee mimi nimwombee kwanza. Ibada ikiisha, usibaki hapo nje kunisalimia. Nenda kwake, angali anaweza kukuitikia.